Koti la Hadoki

Kengele ya mlango wa Edna Garbutt
ililia kama kijiko kilichoanguka sakafuni.
Whitby, Januari, saa kumi jioni na giza limeshaingia,
nami, wa miaka kumi na sita, kazi yangu viazi:
magunia mawili kwa siku,
vidole vimekunjamana kwa maji ya mfereji.

Miezi mitatu sikuruhusiwa kugusa rojo.
"Tazama kwanza," alisema. "Macho hayaungui."

Basi nikatazama.
Unga uliochekechwa. Magadi, ya kushikwa kwa vidole viwili.
Chumvi kwa kukisia.
Halafu bia, baridi hadi chupa yenyewe inatoka jasho.
Anakoroga mara saba, ya nane hakuna.
"Madonge yaache. Rojo ukilipiga sana hukasirika,
likikasirika hugeuka ngozi ya kiatu."

Hadoki amelala ubaoni, miiba imeng'olewa kwa koleo.
Anafutwa maji, anapakwa unga mkavu,
maana koti halimshiki aliyelowa;
ndipo anazamishwa, anainuliwa, anachuruzika,
anashushwa polepole, mkia ukiwa wa mwisho,
ubavu ukikupa kisogo
asije akakurushia tusi la moto.

Mafuta yalikuwa ya ng'ombe.
Yalinukia hadi kwenye nywele za wapita njia.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Ukiona waelea hapa, wameiva.

"Na usidanganyike," akaniambia, akimkung'uta mmoja kwenye waya,
"samaki hakaangwi. Linalokaangwa ni koti.
Yeye yumo ndani, anaiva kwa mvuke wake mwenyewe,
kama mtu aliyejifungia bafuni."

Mumewe, Wilfrid, aliketi meza ya dirishani.
Vuli ile moyo wake uligoma njiani kama punda,
wakamrudisha kutoka hospitali na karatasi.
Daktari Pickersgill alikuwa amechora samaki, vibaya,
afanana zaidi na soksi.
Ndani ameandika: protini, madini joto, vitamini, mafuta haba.
Nje, kulizunguka koti, msalaba mwekundu.
Mle yeye. Msile nguo zake.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa,
Edna alimvua samaki koti mbele ya mumewe,
kwa uma na kisu, bila kumtazama usoni.
Hadoki akabaki mweupe, akifuka, akimeguka vipande vipande.
"Huyu anasikia baridi," Wilfrid akasema.
Mgonjwa haulizwi uji.
Akapewa njegere za kupondwa, limau badala ya chumvi,
siki kiasi apendacho,
kwa kuwa siki daktari hakuitaja.

Koti lilirudi jikoni juu ya kisahani.
Nilidhani ni la shakwe wa gatini.
Kumbe Edna alilivunja kwa dole gumba,
akachagua kipande kimoja, cha pembeni, kilichokwaruza zaidi,
akakificha chini ya njegere za Ijumaa iliyofuata.
Kipande kimoja tu. Ukubwa wa ukucha.
Mimi ndiye niliyeosha sahani; najua ilivyorudi.

Mwezi wa nne nikapewa rojo.
Samaki wangu wa kwanza nilimwacha muda mrefu mno,
ubavu mmoja ukawa na rangi ya mlango wa kanisa.
Edna akamkagua, akaguna, akamvua,
akampelekea Wilfrid na njegere zake.

Duka likawa kimya, mafuta tu yakinong'ona.
Wilfrid alitafuna muda mrefu akitazama mvua.
"Mpishi mpya," akasema. "Koti la leo limeungua."

Edna alikuwa anahesabu sarafu za droo.
Akasita. Akazimwaga zote mezani,
akaanza tena na moja.